Deheni, Sifa na Kalafati: Historia ya Kuhifadhi Vyombo vya Bahari katika Pwani ya Afrika Mashariki

Historia ya vyombo vya bahari vya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo mawili, yaani namna vyombo hivyo vilivyoundwa na bidhaa vilizobeba, ilhali kazi iliyoanza siku chombo kiliposhuliwa majini na isiyokwisha mpaka siku kilipooza, ambayo ni kazi ya kukisugua, kukiziba na kukipaka nje, imepewa nafasi ndogo mno. Upungufu huo ni wa kusikitisha, kwa sababu jahazi lilikuwa miongoni mwa mali kubwa kabisa ambazo mtu wa pwani aliweza kuwa nazo, mali ya kurithiwa, kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani, na thamani yake haikukaa katika upana wa tanga wala katika nakshi za shetri, ambayo ni sehemu iliyoinuka ya nyuma, bali katika hali ya mbao zilizozama chini ya maji, mahali ambapo jicho halifiki mpaka bahari ipwe. Mnunuzi mwenye akili hakuridhika na kukitazama chombo kikiwa kinaelea.

Adui mkubwa wa mbao hizo ni kiumbe laini na mrefu, mwenye umbo la mnyoo, ambaye wataalamu wa viumbe humweka katika jamii moja na chaza na kombe na kumwita kwa jina la kisayansi Teredo. Kiumbe huyu huingia katika ubao akiwa mdogo kiasi cha kutoonekana, hutoboa tundu kwa magamba mawili yaliyo mwisho mmoja wa mwili wake, kisha hukua ndani kwa ndani huku akila mbao na kuziacha njia zake zimepakwa utando wa chokaa, hata ubao ukaonekana mzima kwa nje nao ndani umekwisha kuwa tupu. Maji ya joto humwezesha kuzaana na kukua upesi, na ndiyo maana bahari za kitropiki zilikuwa tishio hata kwa mataifa yaliyojivunia meli zao: Christopher Columbus, katika safari yake ya nne, alilazimika mwezi Juni 1503 kuzipandisha meli zake mbili za mwisho katika pwani ya Jamaica kwa kuwa zilikuwa zimetobolewa kiasi cha kushindwa kufuliwa maji. Pamoja na mtoboaji huyo upo mwani, na wapo viumbe wenye magamba magumu wanaoganda ubavuni, ambao hawakiui chombo lakini hukipunguzia mwendo, jambo lisilo dogo katika bahari inayotawaliwa na pepo za msimu, kwani nahodha aliyechelewa aliweza kuukuta upepo umekwisha kugeuka. Juu ya mstari wa maji adui alikuwa jua, ambalo hukausha mbao, huzifanya zinywee na kufungua nyufa kati ya ubao na ubao.

Dawa ya maradhi haya inatajwa katika maandishi ya kale kwa uwazi unaostahili kuzingatiwa. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad aliyeipita bahari ya Zanj, yaani ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa mara ya mwisho mwaka 916 akitokea Kanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hukihusisha na Pemba, aliandika kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi havikupigwa misumari kwa sababu maji yake hula chuma, bali vilishonwa kwa kamba na kupakwa shahamu na nura, yaani mafuta ya wanyama na chokaa. Sababu aliyoitoa haitoshelezi, kwa kuwa chuma hushika kutu katika bahari zote, na ni wazi kwamba kamba ilipendwa pia kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana na ilikipa chombo ulegevu wa kustahimili kugonga mwamba. Lakini maelezo yake juu ya upakaji ni sahihi, na mtu aliyesimama katika pwani ya Lamu au ya Unguja miaka elfu moja baadaye angeikuta shahamu na chokaa vikichanganywa vilevile. Katika karne hiyohiyo ya 10 Abu Zayd wa Siraf, bandari maarufu ya Uajemi, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyotiwa katika mchanganyiko wa kuzibia maungio ya vyombo vilivyoshonwa.

Mashahidi wawili wengine wanafaa kuwekwa pamoja kwa sababu waliona jambo moja wakalihukumu kwa namna mbili. Ibn Jubayr, Mwislamu wa Andalusia aliyekuwa katika bandari ya Aydhab, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 1183, aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi vikipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, akasema kwamba haya ya mwisho ndiyo bora kuliko yote, na akaeleza shabaha yake, kwamba mbao zilainike na kunyumbuka kwa kuwa bahari ile imejaa miamba. Marco Polo naye, alipofika Hormuz katika karne ya 13, alivikuta vyombo vya aina hiyo vimesuguliwa mafuta ya samaki badala ya lami, akavitangaza kuwa ni vyombo vibaya na vya hatari. Mtu wa Venice alizoea lami ya misonobari, ambayo hulainika katika joto kali na ambayo nchi hizo hazikuwa na misonobari ya kuitolea, na hukumu yake imenukuliwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Ibn Jubayr, ambaye aliwaogopa sana mabaharia wa Aydhab na hakuwa na sababu ya kuwasifu, alielewa kazi ya mafuta vizuri zaidi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki vyombo vya kushonwa vilikuwapo tangu karne ya 1, kwani mwongozo wa kibiashara wa Kiyunani uitwao Periplus unavitaja katika soko la Rhapta, na kizazi chake cha mwisho kilikuwa mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, chenye tanga la mkeka na macho yaliyochorwa kwenye omo, yaani upande wa mbele, ambacho kiliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Utunzaji wa mtepe ulikuwa mzito kuliko wa jahazi la misumari, kwa sababu kamba yenyewe huoza, na hivyo mwenye chombo hakuwa na budi kufikiria mshono pamoja na ubao. Misumari ilipoenea, mzigo huo ulipungua lakini ukazaliwa mwingine, yaani kutu, na mafundi wakajifunza kuuzungushia msumari nyuzi zilizolowekwa mafuta chini ya kichwa chake kabla ya kuupiga, ili maji ya chumvi yasipate njia ya kuufuata ndani ya ubao.

Kiini cha utunzaji wote kilikuwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa uliopakwa kwenye sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji. Shahamu ilitoka kwa ng'ombe, kondoo au mbuzi, na kwa vyombo vya Uarabuni na Usomali hata kwa ngamia, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya lundo la magogo, kazi ileile iliyotoa chokaa ya kujengea misikiti na nyumba za mawe, kwa hiyo mji uliojenga kwa mawe haukukosa dawa ya vyombo vyake. Shahamu iliyeyushwa motoni, chokaa ikatiwa na kukorogwa, na mchanganyiko ukapakwa ungali na joto, mara nyingi kwa viganja vya mikono, kwa sababu ulipopoa uliganda na kukataa kutandazika. Kemia ya jambo hili inaeleweka leo bila shida: chokaa hushikana na asidi za mafuta na kufanya aina ya sabuni isiyoyeyuka katika maji, utando mweupe na mgumu kiasi ambao viumbe wachanga wa baharini hawaupendi kama makao, na ambao humeguka polepole pamoja na wale waliokwisha kuganda juu yake. Deheni haikukusudiwa kudumu. Iliwekwa ili iliwe badala ya ubao, kisha iwekwe nyingine, na weupe wa tumbo la jahazi unaoonekana linapolala kwa upepo ulikuwa ishara ya mwenye chombo asiyebahilia shahamu.

Kabla ya deheni mpya, chombo kilipaswa kusafishwa. Kilipwelezwa, yaani kiliachwa kikauke juu ya mchanga maji yalipotoka, kikashikiliwa kwa gadi, ambazo ni nguzo za kukitegemeza kisilale ubavu, kisha mabaharia wakakwangua mwani, magamba na mabaki ya deheni ya zamani. Baada ya hapo ulifuata moto, hasa kwa vyombo vidogo kama ngalawa na mashua: matita ya makuti makavu yaliwashwa na kupitishwa chini ya tumbo la chombo, mwali ukilamba ubao pasipo kukaa mahali pamoja. Kazi hii, ambayo mgeni angeiona kuwa ni kucheza na hatari, ilikuwa na maana, kwa kuwa Teredo anaweza kuziba tundu lake na kuishi ndani ya ubao siku nyingi chombo kikiwa nchi kavu, na hivyo saa chache za jua kati ya maji kupwa na maji kujaa hazimdhuru, lakini joto la moto humfikia aliye karibu na uso wa mbao kabla hajazama ndani. Moto huohuo uliukausha ubao ukawa tayari kunywa mafuta.

Baada ya kusafisha, fundi alikagua kalafati, yaani nyuzi za pamba zilizopakwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi na nyundo katika maungio ya mbao. Kalafati iliyolegea ilitolewa na kutiwa mpya, na hapa ustadi ulikuwa katika kiasi, kwa sababu pamba ikiwa haba maji hupenya, na ikishindiliwa kupita kiasi huzisukuma mbao ziachane zitakapovimba ndani ya maji. Kazi ya kupaka iliweza kufanywa na baharia yeyote, bali kalafati ilikuwa ya fundi, na vijiji kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Nungwi katika ncha ya kaskazini ya Unguja vimepata jina kwa mafundi wa kuunda na kukarabati vyombo.

Sehemu iliyo juu ya maji haikupakwa deheni bali sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo huzuia mbao zisikauke na kupasuka. Sifa haikuhitaji utangulizi. Harufu yake ilifika kabla ya chombo chenyewe, na Wazungu wengi waliosafiri kwa majahazi walilalamikia jambo hilo zaidi ya mawimbi. Nyuma ya harufu hiyo ulikuwapo uchumi wenye mantiki, kwani papa mkavu alikuwa bidhaa kubwa iliyoletwa Unguja na Mombasa na vyombo vya Uarabuni na Usomali wakati wa kaskazi, na maini yaliyobaki baada ya nyama kutiwa chumvi yaligeuzwa mafuta ya kutunzia vyombo vilevile vilivyombeba. Watu wengine walitumia mafuta ya nazi, lakini nazi ilikuwa chakula, na papa alipendwa kwa ajili ya mbao.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu ya mambo mawili ambayo hayakutegemea fundi wala nahodha. La kwanza ni bamvua, yaani maji makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Unguja na Mombasa hukaribia mita 4, hivyo chombo kikubwa huweza kuletwa juu ya mchanga wakati wa kujaa na kubaki kikavu kabisa wakati wa kupwa, pasipo gati, mashine wala ghuba iliyojengwa kwa mawe. Nchi za Bahari ya Mediterania, ambako maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kutajika, zililazimika kulaza meli ubavu kwa kamba au kuzivuta nchi kavu kwa nguvu nyingi. La pili ni msimu wenyewe. Vyombo vya Ghuba ya Uajemi, Omani na India vilikuja na kaskazi kati ya Desemba na Machi, vikangoja kusi ianze mwezi Aprili ndipo virudi, na majuma hayo ya kungoja, ambayo kwa mtazamo wa mhasibu yalikuwa ya hasara, ndiyo yaliyotumika kupweleza, kukwangua na kupaka, hata chombo kikaingia katika safari ndefu ya kurudi kikiwa safi. Deheni iliweza kudumu miezi michache tu, na miezi michache ndiyo muda ambao msimu ulihitaji.

Ni vyema kukumbuka pia ni nani walioshika makwangulio. Katika vyombo vya Ghuba mabaharia walikuwa na hisa katika mapato ya safari, na kusafisha chombo kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yao isiyo na ujira wa peke yake. Katika bandari ya Unguja ya karne ya 19, kwa upande mwingine, kazi nyingi za pwani zilifanywa na vibarua ambao wengi wao walikuwa watumwa waliogawana ujira wa siku na mabwana zao. Thamani iliyohifadhiwa katika ubao wa jahazi ilikuwa pia jasho la watu wasiomiliki hata pingili ya ubao huo.

Wakati pwani ikiendelea na deheni, Ulaya ilichukua njia nyingine. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari Alarm kwa bati za shaba chini ya mstari wa maji, na iliporejea kutoka bahari ya Karibi ilionekana kwamba shaba iliwazuia watoboaji na mwani, lakini misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa vibaya, kwa kuwa madini mawili yakikutana katika maji ya chumvi lililo dhaifu huteketea kwa ajili ya lenye nguvu. Ilichukua miaka mingine kadhaa kabla ya Waingereza kuacha misumari ya chuma chini ya maji na kutumia ya shaba iliyochanganywa. Kwa jahazi la pwani lililopigwa misumari ya chuma, bati la shaba lingekuwa sumu, mbali na gharama yake. Kwa hiyo atakayeiita deheni shaba ya maskini atakuwa hakuitazama misumari.

Masultani wa Unguja walizijua njia zote mbili. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na manowari zilizoundwa Bombay kwa msaji, mojawapo ikiwa Liverpool aliyomzawadia Mfalme William wa 4 wa Uingereza mwaka 1836, na nyingine ikiwa Sultana, ambayo chini ya Ahmad bin Naaman ilifika New York tarehe 30 Aprili 1840. Meli hiyo ilifika imechoka, na serikali ya Marekani iliifanyia matengenezo kwa gharama yake katika karakana ya jeshi la majini ya Brooklyn kabla haijarejea Unguja mwishoni mwa mwaka huo. Adabu ya kidiplomasia ilikuwa na uzito wake katika ukarimu huo, lakini ni dhahiri pia kwamba kumtengenezea mgeni chombo chake kulieleweka na pande zote mbili kuwa zawadi ya mali.

Ndani ya shehena ya Sultana ilikuwamo sandarusi, na hapa historia inageuka kwa namna ya kushangaza. Sandarusi ni utomvu mgumu wa msandarusi, mwingine wa kale mno uliochimbwa ardhini katika Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, na Wamarekani wa Salem, ambao nchi yao ilikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833, waliununua kwa wingi, wakauosha na kuuchambua, ukapikwa kwa mafuta ya kitani kuwa vanishi ya kupaka magari ya farasi, samani na mbao za nje. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiuza mojawapo ya vihifadhi bora vya mbao duniani huku vyombo vyake vikipakwa maini ya papa. Si ujinga uliosababisha hivyo: vanishi ngumu hupasuka ubao unapocheza, na jahazi hucheza, ilhali sifa hunyweka ndani na hurudiwa wakati wowote kwa kitambaa na debe.

Mpaka wa deheni unaonekana pia barani. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na majahazi katika Ziwa Tanganyika kabla ya mwaka 1858, ambapo John Speke alivuka ziwa hilo akitafuta kukodi mojawapo, lakini Teredo haishi katika maji baridi ya maziwa, na hivyo tishio la huko lilikuwa kuoza, ambako chumvi ya bahari hukuchelewesha na maji ya mvua hukuharakisha.

Katika karne ya 20 rangi za viwandani zilianza kuchukua nafasi ya shahamu, kwanza juu ya mstari wa maji, ambapo buluu, nyeupe na kijani viliifuta harufu ya sifa, na baadaye chini yake, kwa rangi zenye shaba ambazo huitoa sumu yake kidogo kidogo majini. Kuanzia miaka ya 1960 ilienea aina iliyochanganywa na kemikali yenye madini ya bati, yenye nguvu kuliko zote zilizotangulia, mpaka wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa walipoona magamba ya chaza wao yakiharibika umbo na uzazi wao ukikoma. Ufaransa iliipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa ulioafikiwa mwaka 2001 ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Shahamu na chokaa zilikuwa zimeanguka baharini kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kuacha kesi ya namna hiyo.

Faiba, ambayo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki, sasa inachukua nafasi ya mbao katika boti nyingi za uvuvi na za watalii, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu walikwenda mbali zaidi kwa kushua jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, ubavu wake ukifunikwa kwa ndala za rangi zipatazo 30,000, ambalo mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Teredo hana la kula katika ubao wa plastiki, kwa hiyo shahamu, chokaa na moto wa makuti havina kazi hapo. Mwani na magamba, hata hivyo, huganda juu ya plastiki kama yanavyoganda juu ya msaji, na chombo cha aina hiyo nacho hulazimika kungoja bamvua, kupwelezwa na kukwanguliwa.